Kila Nyumba Kumi na Saba, Rudi Moja

Nyinyi mnaomaliza shule ya ufundi mwaka huu mtapewa mita inayosoma namba sita baada ya nukta, pamoja na cheti chenye muhuri kinachosema mita hiyo haikosei. Vizuri. Mimi nilianza kazi na kisanduku cha mbao chenye vishikizo vya shaba, na bwana mmoja aliyeamini kwamba umeme huchoka njiani. Nilifanya kazi ya nyaya za chini ya ardhi hapa Bujumbura miaka ishirini na miwili, kisha nikaiacha kabla mvi hazijaanza, kwa sababu miguu yangu haitulii. Tangu hapo nimekaa Uvira, nimekaa Kigoma, nimekaa Bukavu, na kila nilikofika niliwasimulia watu habari za mtaa wetu wa Ngagara mpaka wakaniuliza kwa nini sirudi. Nimerudi, na kabla sijaondoka tena nataka niwaachie habari ya omu.

Omu ni kipimo cha ukaidi wa waya. Umeme unataka kupita, waya unasema subiri kidogo, na hicho kidogo ndicho tunachopima. Waya mrefu una omu nyingi, mfupi una chache. Kwa hiyo nyaya mbili za kebo zikigusana chini ya ardhi, huna haja ya kuchimba mtaa mzima. Unasimama kwenye ncha moja, unapima omu za kwenda na kurudi, na hesabu inakuambia pale zilipogusana ni mbali kiasi gani.

Kebo iliyonilea ilitoka kwenye kituo cha pampu, ikapita Ngagara, ikaishia kwenye tangi la maji kilimani. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuiambia pampu kwamba tangi limejaa, pumzika. Nyaya zake zikigusana, pampu inaambiwa tangi limejaa hata kama ndani wamebaki mijusi. Inazima, na watu wa mtaa wanaanza kutembea na madumu.

Sasa, Ngagara ilipangwa na wakoloni kwa kamba. Viwanja vyote vya mstari ule vina upana mmoja. Na kwa bahati ambayo sijui nimshukuru nani, kebo ile, kwenda na kurudi, ilikuwa na omu moja kwa kila nyumba. Ukipata omu kumi, tatizo liko nyumba ya kumi kutoka kwenye pampu. Karakanani kwetu hatukusema mita wala hatua, tulisema nyumba. Tatizo la upande wa binadamu lilikuwa kwamba watu walikuwa wamepanua nyumba zao kuja mbele, mpaka kebo ikawa inapita chini ya saloni zao, vile vyumba vya kukaribishia wageni. Kwa hiyo namba uliyoisoma kwenye kipimo haikuwa namba tu. Ilikuwa saloni ya mtu.

Mwalimu wangu aliitwa Mzee Bukuru. Alikuwa mrefu, mpole, na hakupenda sehemu za namba. Nusu na robo alizichukulia kama wageni wasioalikwa. Kisanduku cha mbao kilikuwa chake. Alikirithi kwa fundi aliyekirithi kwa fundi mwingine, na wa kwanza kabisa alisemekana kukileta kwa meli ya ziwani enzi za Wajerumani. Kilikuwa kimepakwa rangi ya kijani mara nyingi hata kikanenepa. Na pamoja na kisanduku alirithi kanuni moja: kila nyumba kumi na saba, rudi moja. Kisanduku kikisema kumi na saba, chimba ya kumi na sita. Kikisema thelathini na nne, chimba ya thelathini na mbili.

Nilimwuliza kwa nini.

"Umeme unachoka, mutoto yangu," alinijibu. "Unatoka hapa na nguvu. Ukifika mbali unaburuta miguu, unahesabu hatua mingi kuliko njia yenyewe."

Mnacheka. Lakini ilifanya kazi. Mwaka baada ya mwaka, tulipima, tukarudi, tukachimba, tukaikuta. Mara moja tu ilikataa, na kosa lilikuwa langu. Nilisahau kupima kwanza zile nyaya mbili za kuunganishia kipimo na kebo. Nazo zina omu zake, jamani. Zigusanishe, zisome, uziondoe kwenye hesabu kabla hujafanya lolote. Mimi sikufanya hivyo, nikakosea kwa nusu nyumba, tukachimba juu kabisa ya mpaka wa familia mbili. Kebo hatukuiona, na familia zile ziligombana mwezi mzima juu ya shimo ni la nani. Kila mmoja alilitaka.

Kisha akaja Injenia Alida, mkuu wetu mpya, binti aliyesoma mbali na kurudi, na akaja na mita mpya. Siku ya kwanza alitukusanya akatusomea cheti chake. Mita ile ilikuwa imelinganishwa na mita nyingine, nayo na nyingine, mpaka mwisho wa ukoo kulikuwa na kipande kimoja kidogo kuliko ukucha. Kipande hicho kinapozwa kwa baridi isiyopatikana popote duniani ila kwa kutengenezwa, kinatiwa ndani ya sumaku kali, na hapo kinatoa omu elfu ishirini na tano mia nane kumi na mbili na sehemu zake. Kila mahali ni hizo hizo, yeyote akitengenezaye.

"Hata kikizeeka?" Mzee Bukuru aliuliza.

"Hakizeeki, Mzee. Hiyo namba inatoka kwenye maumbile yenyewe. Ni ya kwantamu."

"Na kule kwenye baridi, nani anakaa nacho?"

"Wataalamu."

"Bahurumiwe," alisema Mzee Bukuru, akarudi kwenye kisanduku chake.

Injenia alinipa kazi ya kukipima kisanduku cha Mzee kwa mita mpya, kishikizo kimoja kimoja. Kishikizo kilichoandikwa kumi kilisoma tisa na nukta nne. Kilichoandikwa mia kilisoma tisini na nne na nukta moja. Nilisafisha shaba kwa ufutio wa penseli, maana uchafu wa kidole unaweza kukudanganya, nikapima tena. Tisini na nne na nukta moja. Kila kishikizo kilipungua kwa kiasi kile kile, kama mfanyabiashara mwenye kipimo chake mwenyewe. Nilikwangua rangi ya kijani kwenye mfuniko, tabaka baada ya tabaka, nikakuta kibati chenye maandishi ya kigeni. Injenia aliyasoma akakaa chini.

"Hiki hakipimi omu," alisema. "Kinapima zebaki."

Zamani, kabla dunia haijakubaliana juu ya omu, kulikuwa na watu waliojaza zebaki kwenye bomba la kioo. Urefu mita moja, unene milimita moja ya mraba, kwenye baridi ya barafu inayoyeyuka. Ukinzani wa uzi huo wa zebaki wakauita moja. Moja yao ni ndogo kuliko omu moja yetu. Ukitoka kwenye zebaki kwenda kwenye omu, zidisha kwa sifuri nukta tisa nne moja, ukirudi, gawanya. Liandikeni ndani ya mfuniko wa sanduku la vifaa, kwa sababu kichwani halikai. Na mtakutana na omu nyingine za zamani, za kisheria na za kimataifa, zilizopishana kidogo na hii ya leo. Kwa kazi ya kuchimba nyingi kati ya hizo hazitawatoa nje ya chumba. Ya zebaki ndiyo itawatoa nje ya nyumba.

Nilichukua karatasi. Mia moja kwa tisini na nne na nukta moja. Kumi na saba kwa kumi na sita. Mimi elimu yangu ni ya sekondari tu, lakini kugawanya najua. Ni kitu kimoja. Kanuni ya umeme kuchoka ilikuwa ni kugeuza zebaki kuwa omu, kwa kutumia nyumba. Kuna fundi mmoja, zamani sana, alichimba akakosa, akachimba akakosa, mpaka akapata hesabu ambayo wenye maabara waliipata kwa barafu na vioo. Na vipimo vyote viwili, cha zebaki na cha kwantamu, vilizaliwa kwenye baridi. Sisi tulivikutanisha Ngagara saa saba mchana, mashati yamelowa.

"Mwambie Mzee," Injenia alisema. "Akitumia mita yangu, asirudi nyuma tena. Mimi nikimwambia ataniona mtoto. Wewe ni mtu wake."

Nilisema nitamwambia. Wiki ya kwanza nikasema kesho. Ya pili, Mzee alikuwa na jino. Ya tatu nikaacha hata kujipa sababu. Unamwambiaje mtu kwamba maisha yake yote amekuwa akiuonea huruma umeme bure?

Jumatano ya wiki hiyo ya tatu, pampu ilizima. Injenia alikuja asubuhi, akapima kwa mita mpya, akatuandikia kwenye karatasi, nyumba ya thelathini na mbili, kisha akaondoka kwenda mkutanoni Kigobe.

Nyumba ya thelathini na mbili ilikuwa yangu.

Na saloni yangu ilikuwa na karo mpya, vigae vya sakafu, za rangi ya maziwa. Mke wangu, Mama Shami, alizingoja miaka. Zilikuwa na miezi miwili. Wageni walivua viatu nje, na mimi nilivua viatu hata kama hayupo. Niliishika ile karatasi nikaona karo moja moja zikipasuka.

Mzee Bukuru aliitazama. "Mita imesema thelathini na mbili. Kila kumi na saba moja, hapa inakaribia mbili. Turudi ya thelathini."

Ulikuwa ni wakati wa kusema. Niseme tu: Mzee, mita hii haihesabu zebaki. Maneno matano. Nilifungua mdomo, nikaufunga, nikabeba sururu. Njiani nilijiambia kwamba namheshimu mkubwa wangu. Ni kweli nilimheshimu. Lakini nisingemheshimu hivyo kama karo zingekuwa za mtu mwingine.

Nyumba ya thelathini ilikuwa ya Mama Asha, mjane, jirani yangu wa siku zote. Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kutoka Buyenzi kumposa binti yake. Saloni ilikuwa imepakwa chokaa, mapazia yamefuliwa.

"Bakwe banakuja jumamosi, na leo munataka kunivunjia?" alisema, akiwa amesimama mlangoni na ungo mkononi.

"Maji iko imekatika mutaa muzima, Mama," Mzee Bukuru alimwambia. "Utapikia bakwe na nini?"

Alifikiri. Kisha hakumgeukia Mzee, alinigeukia mimi. "Baba Shami, we unajua hii kazi. Iko hapa kweli?"

Nilimjibu kwamba Mzee ndiye anayeamua. Mama Asha alihamisha viti mwenyewe.

Tulichimba mpaka kiunoni. Kebo tuliikuta, nzima, safi, haina hata mkwaruzo. Mzee Bukuru aliipapasa kama daktari. "Leo umeme umechoka zaidi," alisema. "Kesho turudi ingine mbili. Ya ishirini na nane."

Nyumba ya ishirini na nane ilikuwa na mgonjwa wa miguu aliyelala saloni. Niliona jinsi mambo yatakavyokwenda: ishirini na nane, ishirini na sita, saloni baada ya saloni, tukirudi nyuma mpaka tuchimbe kituo cha pampu chenyewe, na mimi nimekaa juu ya karo zangu nikinywa chai isiyo na maji. Mama Asha alikuwa anapita na dumu kichwani kuzunguka shimo lake. Afadhali angenigombeza.

Alhamisi alfajiri nilipanda kilimani peke yangu na mita, nikapima kutoka upande wa tangi. Hilo nalo lishikeni: mkiwa na shaka, pimeni kutoka ncha zote mbili. Mstari wote una nyumba hamsini. Kutoka tangini nilipata kumi na nane. Thelathini na mbili na kumi na nane ni hamsini. Nilishuka nikamkuta Mzee Bukuru ameketi kwenye ukingo wa barabara, sururu magotini, anawangoja wenzetu.

"Mzee, upande wa tangi nimepata kumi na nane. Ukirudi moja?"

"Kumi na saba."

"Na huku tumechimba thelathini. Jumla?"

Alihesabu kwa vidole. "Arobaini na saba."

"Nyumba ziko hamsini. Hizo tatu ziko wapi?"

Alitazama mstari wa nyumba, huku na huku, kama mtu anayetafuta mbuzi wake. Ndipo nilipomweleza yote: kisanduku, rangi ya kijani, kibati, zebaki, kumi na saba kwa kumi na sita.

"Basi umeme haikuchoka," alisema.

"Haukuchoka hata siku moja, Mzee. Kanuni yako ilikuwa sawa. Lakini ni ya kisanduku, siyo ya mita hii."

"Ulijua toka lini?"

"Wiki ya tatu sasa."

"Na ile ya thelathini na mbili ni ya nani?"

"Yangu."

Nilingoja anitukane. Badala yake alianza kucheka, polepole, mabega yakimtikisika, mpaka akafuta macho. "Mi nilizania unanyamaza juu ya kuniheshimu," alisema. "Simama. Uyu mama utamuambia we mwenyewe. Mi ntasimama nyuma yako, si mbele."

Mama Asha alinisikiliza akiwa anachambua mchele. Sikumficha kitu, hata karo.

"Kwa hiyo nilipokuuliza, ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Ukaniangalia nabeba viti."

"Nilikuangalia."

Alichambua mchele kidogo zaidi. "Mi ningelificha pia," alisema. "Lakini ningelikusaidia kubeba viti. Enda ukachimbe kwako. Na jumamosi usiende mahali, iko kazi yako hapa."

Kwangu, nyundo ya kwanza niliipiga mwenyewe. Mama Shami alikuwa amesimama pembeni, ameshika karo moja aliyofanikiwa kuing'oa nzima. Tulishuka nusu mita tukaikuta kebo, na ndani ya kebo tukakuta chuma. Kipande cha chuma kirefu, kimeingia katikati yake sawasawa. Kilikuwa chuma cha kupeleka umeme ardhini, kwa ajili ya friji letu. Nilikipigilia mimi, miezi miwili nyuma, siku moja kabla ya karo, kwa uangalifu wote wa fundi mwenye ujuzi. Kilikuwa kimegusa ganda tu, kisha miezi miwili ya kutembea juu yake bila viatu ikakisukuma kumaliza kazi.

Mama Shami alikiangalia, akaniangalia. "Tumevunja nyumba ya Mama Asha juu ya kutafuta musumari yako."

Mzee Bukuru alijifanya anakohoa. Ijumaa mchana kebo ilikuwa imeungwa, tangi likaanza kujaa, na mabomba yakakohoa maji mekundu, kisha meupe.

Shimo la Mama Asha hatukuwahi kulijaza kabla ya Jumamosi. Udongo ulikuwa tope, na hakutaka tope siku ile. Tulilifunika kwa mbao na juu yake zulia. Lakini ubao mmoja ulikuwa mfupi. Ili ncha yake isiinuke, ilihitaji mtu mzito akae pale, na asisimame mpaka wageni waondoke. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilivaa kanzu, nikakaa katikati ya saloni ya watu, peke yangu, na soda mkononi.

Wakwe waliingia. Mkubwa wao aliitwa Mzee Hamadi, na nyuma yake mdogo wake, mtu mnene aliyekwenda kusimama kwenye ncha ile nyingine ya ubao kana kwamba ameelekezwa. Watu wote walisimama kusalimia. Mimi nilibaki nimekaa.

Mzee Hamadi alinitazama. "Uyu bwana, kwao habasimamiye bakubwa?"

Mama Asha aliangalia dari. Yalikuwapo maneno ya kudanganya, mgongo unauma, mguu umekufa ganzi. Nilikuwa nimeyachoka.

"Mzee wangu, nikisimama, mdogo wako anaanguka," nilimwambia. "Chini yetu kuna shimo. Nililisababisha mimi."

Walimvuta mdogo wake pembeni. Zulia likainuliwa. Mzee Hamadi aliinama akachungulia kama mtu anayenunua kisima, akauliza tulikuwa tunatafuta nini, na mimi nikamweleza, kwa sababu mtu wa kazi yetu akiulizwa hawezi kufupisha: pampu, zebaki, kumi na saba, thelathini na mbili, na wiki tatu nilizonyamaza. Nilipofika kwenye chuma cha friji aliniinulia mkono ninyamaze.

"Mi siongee habari ya bibi harusi kama sijaona hiyo shimo ya pili," alisema.

Kwa hiyo ujumbe mzima wa posa ukatoka, kanzu na kofia na bakora, ukatembea nyumba mbili. Mzee Hamadi alizihesabu kwa sauti. Kwangu walivua viatu mlangoni, mbele ya saloni isiyokuwa na sakafu, wakalizunguka shimo, wakakishika kile chuma kwa zamu. Mama Shami aliwaletea maji ya kunywa, kwa kuwa yalikuwapo.

Tuliporudi na kukaa, Mzee Hamadi alisema siku ya nikahi upande wao wataleta shahidi mmoja tu. Wa pili atakuwa mimi. Mtu wake mmoja alimnong'oneza kwamba huyu si ndiye aliyeficha.

"Alificha wiki tatu, akajivunjia nyumba," Mzee Hamadi alimjibu. "Mara ya pili atasema mbio."

Posa ikapokelewa. Jina langu sasa liko kwenye karatasi za ndoa ile, na kila niendapo nachukuliwa kuwa mjomba wa mtu. Nilikuwa bado nimekaa juu ya ubao, nikipokea mikono ya watu, Mama Asha alipoinama kwenye sikio langu akitabasamu kwa ajili ya wageni.

"Shahidi," alisema, "kesho asubuyi uje na simenti."